Kitufe cha Msaada

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Natumaini baridi imelionea huruma, na sasa unashuka ngazi bila kuzitukana. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, naenda kazini. Najua barua itakushangaza wakati simu ninayo, lakini kwenye simu ningesema sijambo, niko kikaoni kidogo, na tungeishia hapo kama kawaida yetu.

Kazini tunahangaika na kile kisanduku cha dawa, kama nilichokuletea mwaka jana, kinacholia saa ya kumeza vidonge ikifika. Toleo jipya linatakiwa litoke mwezi ujao. Kilicholeta maneno ni kitufe cha msaada, kile chekundu cha pembeni, ambacho mteja akikibonyeza dada wa huduma kwa wateja humpigia simu. Kuna watu kama thelathini wanaokibonyeza karibu kila siku, na wakipigiwa inaonekana kisanduku ni kizima. Bosi akasema hao ni wazee, wamechanganyikiwa, na toleo jipya halitakuwa na kitufe.

Niliomba wiki mbili nikawaone watu hao majumbani mwao. Nikawaambia wenzangu kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wakacheka, bosi akacheka kuliko wote, kisha akasema muda wa kuhesabu kunguni hatuna. Nilimsumbua mpaka akanipa siku moja, Alhamisi, na akataka nirudi na jibu la mistari mitatu.

Nilikwenda kwa mmoja wao, fundi cherehani mstaafu, aliyefiwa na mkewe na anayeishi peke yake katika vyumba viwili. Nilimkuta amevaa koti kana kwamba ana safari, na kiti changu amekwisha kukifuta vumbi. Nilimwomba anionyeshe anavyotumia kisanduku. Alikifungua, akameza vidonge vyake, akakifunga, bila kukosea hata hatua moja. Nikamuuliza kuhusu kitufe. Alikirudisha kisanduku mahali pake kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, yule binti akipiga huniuliza nimeamkaje. Sina mwingine wa kuniuliza."

Kazi ya nusu saa niliifanya kwa saa tatu. Sitakudanganya, Baba, sikukaa kwa ajili ya utafiti. Hata mimi nikirudi chumbani jioni, sifungui kinywa tena mpaka kesho yake kazini. Jirani yangu namjua kwa viatu vyake tu, vile anavyoviacha mlangoni. Mji umejaa watu na mimi ni mpweke, na nimechoka kukuambia kwamba niko sawa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Orodha ya wale wanaobonyeza niliiandaa mimi mwenyewe, miezi mitatu iliyopita. Juu kabisa ilikuwa namba yako. Niliona haya, nikaifuta kabla ya kikao. Bosi aliposema wazee wamechanganyikiwa, nilijua si kweli, kwa sababu mtu aliyetengeneza redio za mtaa mzima hawezi kushindwa na kitufe kimoja. Nikafyata ulimi. Niliogopa wasije wakauliza inakuwaje baba wa mwenzao azungumze na wageni kila siku wakati binti yake yupo.

Jana nilimfuata dada wa simu, nikamwomba anisomee alichoandika kila alipokupigia. Ameandika maneno yaleyale mara themanini na sita: "Mteja hana tatizo. Ameuliza kama binti yake amefika kazini leo." Aliniambia ulimsihi asinieleze, nisije nikadhani unanichunga. Kumbe kila asubuhi alikuwa anasimama, anatazama mezani kwangu, ndipo anakujibu kwamba nipo. Na mimi nilikuwa nikiona macho yake, nikidhani hanipendi.

Leo nimempelekea bosi orodha kamili, na nimemwambia namba ya kwanza ni ya nani na nani aliyeifuta. Hakucheka. Amesema kuhusu kitufe atafikiri, na kuhusu mimi pia atafikiri. Sijui ataamua nini juu ya lipi.

Nisalimie shangazi, mwambie sijamsahau. Wapangaji wa chini nao wape salamu zangu, hasa yule anayekubebea mizigo.

Wiki ijayo yote nimeomba nikae mimi kwenye meza ya simu. Barua hii ikikufikia, Baba, bonyeza. Atakayekupigia ni mimi. Nikinyamaza kidogo mwanzoni, tafadhali usikate.

Ni mimi binti yako,
Kasuku