Mjomba, Programu Yako Haigandi Tena

Kwako Mjomba uliyetutangulia,

Shikamoo. Najua haitaitikiwa, lakini siwezi kumwandikia mkubwa wangu bila kumwamkia.

Nakukumbuka umekaa barazani kwetu, kompyuta mapajani, ukiitengenezea zahanati ya kijiji ile programu. Uliniambia kazi yake ni ndogo: nesi anaandika jina la dawa, programu inaiuliza kompyuta ya ghala la dawa kule Maramba, na jibu linarudi, ipo au haipo. "Mtu asipande bodaboda na mtoto mgonjwa mpaka Maramba, akaambiwa imekwisha," ulisema. Mimi nilikuwa pembeni na kitabu, nikijifanya nasoma. Ukanitania, "Mpwa wangu, ukurasa huo huo tangu adhuhuri? Njoo uone soketi." Ndipo nilipojua kwamba soketi ni kama mlango ambao kupitia huo programu moja inazungumza na nyingine iliyo mbali.

Baada ya wewe kuondoka, programu ilianza kuganda. Dirisha lake linapauka, halibonyezeki, na nesi Mwanaidi analazimika kuchomoa waya wa umeme. Kila akifanya hivyo, majina ya wagonjwa aliyokuwa anayaandika yanapotea. Nilimsikia akimwambia mama, "Kazi ya marehemu kakako tunaiheshimu, lakini siku hizi imeota kiburi. Ukiisemesha inakununia. Ijumaa fundi anakuja kuiondoa."

Nilihisi kama wanakuzika mara ya pili. Kesho yake, baada ya shule, nilikwenda zahanati. Unajua nilivyo. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa mpaka nesi akaniuliza naumwa nini.

"Siumwi. Naomba kuitazama programu ya mjomba."

"Haya, itazame. Ukiiua, umempunguzia fundi kazi."

Kwanza nilidhani ni virusi. Sikukuta kitu. Kisha nikakumbuka ulivyonifundisha: usibahatishe, badilisha kitu kimoja, utazame, ndipo uguse kingine. Nikachomoa waya unaoleta mtandao kwenye kompyuta. Programu ikalalamika papo hapo kwamba hakuna mtandao. Nikaurudisha waya, nikauliza dawa, na kabla jibu halijafika nikatoa laini ya simu kwenye kisanduku cha intaneti, kule waya ule unakotoka. Ikaganda. Kumbe ikikataliwa inajua la kufanya, lakini ikinyamaziwa inasubiri tu, na ikiwa inasubiri haifanyi jambo jingine lolote. Wewe uliijaribia chuoni, Tanga mjini, ambako jibu lilifika kabla hujainua kidole. Huku kwetu mtandao hukatika katikati ya neno.

Dawa yake uliwahi kunipa mwenyewe, ila si kwa habari ya kompyuta. Ilikuwa sikukuu ya Idi, tumepeleka vyakula kwa majirani, nami nimeng'ang'ania mlango mmoja uliofungwa, hodi juu ya hodi. Ukanishika bega. "Hodi tatu zinatosha. Mwenye nyumba ana udhuru wake. Twende kwa wengine, tutarudi." Kila mtoto wa pwani hii amefunzwa hivyo, na programu yetu peke yake ndiyo iliyobaki mlangoni imesimama.

Basi nikaiandikia adabu hiyo. Isubiri sekunde chache, iulize mara tatu, ikikosa jibu imwambie nesi, kisha ijaribu tena baadaye. Na kazi ya kusubiri nikaitenga na dirisha, ili nesi aendelee kuandika wakati swali liko njiani. Nilipoiwasha haikufunguka kabisa. Machozi yakanilenga. Nesi akanisogezea kipande cha muhogo wa kuchoma. "Kula, fundi. Usinililie kwenye kibodi." Nilikuwa nimesahau kufunga mabano tu kwenye mstari mmoja; nilipoyafunga, ikafunguka.

Ijumaa fundi alikuja kweli, na mtandao ukakatika kama kawaida yake. Alikuwepo mama mmoja na mtoto mwenye pumu, anauliza kama aende Maramba au asiende. Kwenye kioo yakatokea maneno niliyoyaandika mimi: Maramba hawajajibu. Endelea na kazi, nitauliza tena. Nesi akaendelea kuandika majina. Mimi sikuweza kutazama, nilikuwa nakitazama kiatu cha fundi. Baada ya muda mtandao ukarudi, jibu likaingia, na nesi akasema, "Dawa ipo. Mama Asha, nenda." Yule mama akamfunga mtoto mgongoni akatoka, nasi tukasikia bodaboda ikiwaka.

"Baba, wewe rudi tu," nesi akamwambia fundi. "Imekubali kusema."

Bado nakukosa, Mjomba, hasa alasiri, barazani kunapokuwa kimya. Lakini ninapoisoma programu yako mstari kwa mstari, naona jinsi ulivyokuwa unafikiri, na mahali ulipoharakisha, na mahali ulipotulia. Sikujua kwamba marehemu anaweza kuendelea kumfundisha mtu namna hiyo.

Nesi anasema zahanati ya kijiji cha pili nayo inaitaka. Ameniuliza, mbele ya watu wote wa benchi, kama nitaweza kwenda kuwawekea. Nimejibu ndiyo. Kwa sauti ndogo, lakini amenisikia.

Mola akupanulie nafasi huko uliko.

Ni mimi, mpwa wako