Rangi Nzuri ya Mtoto wa Dada

Mpendwa mshauri Maame Pokuaa, naomba unisaidie asubuhi hii hii na jina langu usilisome, maana nyumbani kwetu redio yako haizimwi. Mimi ni msichana wa sekondari, sisemi sana, hata darasani nikiulizwa jambo ninalolijua nainamisha kichwa, na sasa haya zangu zinataka kutuponza. Dada yangu amejifungua mtoto wa kiume hapa kwetu Mampong, na kama unavyojua mtoto hatolewi nje mpaka siku ya nane apewe jina, kwa hiyo pazia limeshushwa, na Nana, bibi yetu, ndiye anayemwogesha na kumpaka mafuta na kuwapokea wanaokuja kumwona, na kila anayekuja anasifu rangi. Wanasema kawafuata watu wa baba yake kwa weupe, wanasema huyu wasichana watampigania, na Nana anacheka mpaka anafuta machozi, na mimi nimesimama mlangoni na beseni nikijua kwamba ile si rangi yake.

Najua kwa sababu nilimsindikiza dada kliniki kabla hajajifungua, mkunga akatupatia kipande cha plastiki cha kupimia ugonjwa wa manjano wa watoto wachanga, chenye mistari ya manjano, wa kwanza umefifia, wa mwisho umekolea, maelezo ni ya Kiingereza, nami ndiye niliyemsomea dada kwa Kitwi, lugha yetu. Unakibonyeza kwenye ncha ya pua ya mtoto, penye mwanga wa mchana, mpaka ngozi ipauke, halafu unaangalia imefanana na mstari upi, hakuna sindano wala damu, na ikifika wa tatu unampeleka hospitali. Jana Nana alipokwenda kuanika nepi nilifungua pazia nikapima, ikawa wa pili. Leo imepita wa tatu. Na kunyonya hanyonyi vizuri, anashika ziwa kidogo anasinzia, ukimtekenya nyayo hata hakasiriki, Nana anasema ana utulivu wa marehemu babu.

Nilijikaza nikamwambia Nana. Akaniangalia, akasema, "Kizuri kikiingia nyumba hii lazima mkitafutie ugonjwa? Shule ndiyo imekufundisha kuona manjano kila mahali?" Wageni wakacheka. Akasema mtoto bado ni mgeni, na mgeni hazungushwi barabarani kabla hajaamua kukaa, siku ya nane akitoka atapigwa na jua na kama kuna manjano yatakwisha. Dada akaninong'oneza, hayo uliyoyaona ni kweli? Nami, Maame, nikajibu labda nimekosea. Sikukosea. Kwa Kiingereza ningemweleza daktari yote bila kigugumizi, lakini kwa Kitwi, mbele ya Nana, kila neno linageuka kumbishia mkubwa, na Nana nampenda, ndiye aliyenilea. Nifanye nini nisimvunjie heshima?

Mwenye Haya, Mampong

*

Mwenye Haya mwanangu, barua za waume na wake wenza nimeziweka kando, zitasubiri. Mtoto hasubiri.

Umepima vizuri kuliko watu wazima wengi, halafu ukaharibu kwa neno moja, "labda". Dada yako alikuuliza kwa sababu moyo wake umeshamwambia, na wewe ukamrudisha kitandani. Nenda sasa hivi ukamwambie, "Dada, sikukosea." Ukishindwa hata hayo, usiseme kitu. Fungua pazia, mwekee mtoto mapajani, mpe ile plastiki, abonyeze pua mwenyewe. Macho hayana haya. Kisha twaeni teksi mwende hospitali, si kesho, na mtoto aamshwe anyonyeshwe njiani. Ile plastiki haitibu. Inakwambia tu uondoke nyumbani. Huko watamtoa damu kidogo kisiginoni kuhakikisha, na ikibidi watamlaza chini ya taa maalumu. Manjano yakiachwa yapande hufika kwenye ubongo, na yakishafika huko hakuna anayeyarudisha.

Sasa ongeza sauti ya redio, nina neno na Nana.

Nana, shikamoo. Unajua ni wewe. Mjukuu wako hakukubishia, amekuogopa mpaka ameniandikia mimi nisiyemjua, na hilo tutalizungumza siku nyingine. Hakuna anayekunyang'anya siku ya nane. Umesema mtoto ni mgeni, nami nakubali, mimi pia nililelewa hivyo. Lakini mgeni akiugua ndani ya nyumba yako, utamwambia avumilie mpaka tumjue jina? Mgeni asiyetunzwa ndiye anayerudi alikotoka, Nana, na wewe umeshawazika wengine, unajua ninachosema. Mfunike kwa kitambaa chako kizuri, mbebe wewe mwenyewe, kwa mikono hiyo hiyo inayomwogesha, majirani wakiuliza waambie Maame Pokuaa kakulazimisha, lawama niachie mimi. Na huyu binti apande nanyi, asimame mbele ya daktari, aseme kwa lugha yoyote anayotaka.

Naweka wimbo sasa. Leo tu, naomba nyumbani kwenu asiwepo wa kuusikiliza.