Herufi Kumi na Tano

Dada Zaina,

Pale mapokezi sasa yupo binti mwingine, na kila anapoita jina la mgonjwa nageuka nikidhani ni wewe. Simu yako haipatikani. Shangazi yako wa Kimisagara aliniambia tu kwamba umehamia Kigoma, akafunga mlango.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza pale kliniki ya Remera? Nilikuwa nimetoka Ngara nilikokulia, ng'ambo ya mpaka, Kinyarwanda changu kibovu, nikapewa kazi ya kuandika programu ya kuchapa majina kwenye lebo za chupa za damu na karatasi za majibu. Nikakuuliza jina la ukoo liko wapi kwenye fomu. Ulicheka hadi ukashika meza. "Sha, mdogo wangu, hapa hakuna jina la ukoo. Mimi na kaka yangu baba mmoja, majina hayafanani kabisa."

Ukawa unakaa nami saa ya chakula, unanisomea majina, nami naiagiza programu: ondoa nafasi zilizozidi, geuza herufi zote kuwa kubwa, tanguliza jina la Kinyarwanda, fuatisha la dini. Majina marefu yalipotoka nje ya lebo, nikaiamuru ikate baada ya herufi ya kumi na tano, nafasi zikihesabiwa. Ulishika lebo ya kwanza, ukaisoma. "Hili umelikata. Mwenyewe atajijuaje?"

"Namba yake imo kwenye kompyuta," nikakujibu. "Usijali."

Kisha asubuhi moja wakaja Uwimana Marie Claire na Uwimana Marie Claudine. Kwenye karatasi, wote wawili wakatoka UWIMANA MARIE C, na ulipowaita kuwapa majibu yakabadilishana. Claire akameza dawa za ugonjwa ambao hakuwa nao. Claudine akarudi kwake Niboye ameambiwa ni mzima, na siku tisa baadaye wakamleta amebebwa.

Mkurugenzi alikuuliza mbele yetu sote, "Ulisoma jina au hukusoma?"

"Nilisoma kilichoandikwa," ukasema, ukanitazama.

Nikatazama viatu vyangu. Ukafukuzwa kazi. Ulipokuwa unakusanya vitu vyako, mimi nilikuwa chumba cha pili narekebisha mstari mmoja wa programu. Dakika tano hazikuisha. Sikumwambia mtu.

Wiki iliyopita Claudine alikuja kupimwa. Amepona, ila bado anatembea akishika ukuta. Akaniuliza, "Yule dada wa hapa mbele, aliyenikosea, yuko wapi? Mwambieni nimeshamsamehe."

Nilitaka kuitikia tu nipite. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hakukukosea yeye, mama. Jina lako nililikata mimi."

Sikuona msamaha machoni mwake, na sikustahili kuuona. Nikaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, nikamwandikia yote, nikasaini. Akasoma mara mbili. "Miezi yote hii ulikuwa wapi?" Jumatatu wakubwa wa kliniki wanakaa kuamua juu yangu, na jina lako limeanza kutajwa tena kwa heshima. Najua heshima hiyo imechelewa.

Nilipotoka, Claudine alikuwa bado kwenye benchi.

"Na yule dada anajua kwamba umesema?" akaniuliza.

"Hajui."

"Basi kwa nini umeniambia mimi kabla yake?"

Ndiyo maana naandika barua hii, popote utakapoisoma. Sikuombi urudi, wala unijibu.

Mdogo wako wa Remera, uliyemfundisha majina ya watu