Mwanangu Ameiigiza Krismasi Yetu, Ila Nyumbani Haji

Mpendwa mshauri wetu, Dada Mwanaasha, naomba msaada, na naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu jambo langu linaanza kama kichekesho na watu wengi niliojaribu kuwaeleza wamecheka kabla sijafika panaponiuma. Mimi ni mama wa hapa Gonja, mjane, Mlutheri, nalima maharage na tangawizi, na nina watoto wawili, Beatha ambaye ni mwalimu Same mjini, na mdogo wake Rodgers ambaye yuko Dar es Salaam na kazi yake ni kutengeneza filamu.

Mwaka huu Rodgers ametoa filamu ya kuchekesha, inaitwa Krismasi ya Mama Tumsifu, pengine na wewe umeiona. Ni habari za mjane wa Upare ambaye kila Krismasi anapika na watoto hawaji, huyu ana udhuru huu na yule ana udhuru ule, sasa mwaka mmoja anawapigia simu mmoja mmoja anawaambia yuko mahututi, basi wanakuja mbio wanalia njia nzima, mmoja ameshakodi na turubai la msiba, wanafika wanamkuta mama yuko juu ya ngazi anapaka nyumba chokaa.

Dada, mjane yule ni mimi. Sijawahi kudanganya kwamba naumwa, ingawa sitasema sijawahi kuliwaza, lakini namna anavyofunga kitenge ni mimi, anavyowaita kuku ni mimi, anavyokoroga makande huku akiongea peke yake ni mimi, hata jiko walilolijenga huko Kibaha kwa ajili ya kupiga picha wameliwekea dirisha upande uleule lilipo la kwangu. Nilishuka Maore kwa rafiki yangu Shamsa, mfanyabiashara wa mchele, ambaye Idd nakula kwake na Krismasi anakula kwangu, tukaenda kuitazama kwenye kibanda umiza cha sokoni, pamejaa watu mpaka mlangoni, na walipoanza kunigeukia mmoja mmoja nikajua wamenitambua kabla sijajitambua mwenyewe.

Tangu siku ile maoni ya watu hayaniachi. Vijana wa bodaboda wananiita Mama Tumsifu na wanasema haijawahi kutoka filamu tamu kama hiyo. Shamsa alicheka mpaka akashikilia nguzo. Wengine wanasema ule utani wa Mpare na ubahili umeshachakaa, mtoto wetu mwenyewe angetuondolea. Kwenye kundi la WhatsApp la usharika mzee mmoja wa kanisa ameandika kwamba kijana amekejeli maombi, maana kuna mahali baba mkubwa wa ile familia anaombea chakula, anaombea mvua, anaombea barabara ya mlimani, anaombea mpaka watu walio melini, na huku watoto wanachomoa nyama kimyakimya, akisema amina sufuria imebaki mchuzi. Mama mwingine akamjibu kwamba hata Mungu anacheka, wakagombana mpaka mchungaji akaingilia kati. Ila wote, wanaosifu na wanaolaumu, wanakubaliana jambo moja, kwamba mwisho wake ni mzuri, pale watoto wanapoacha hasira zao, wanakula, wanajilaza mkekani wamebanana kama walivyokuwa wadogo, na mama anasimama mlangoni anawatazama.

Sasa mimi nimekuwa kinyume na watu wote. Yale maombi yanayowaudhi ndiyo niliyoyapenda kuliko yote, kwa sababu yule ni marehemu mume wangu Eliezeri mtupu, aliomba hivyohivyo na chakula kikapoa hivyohivyo, na tangu tumzike hakuna mtu aliyewahi kumwigiza mbele yangu, wanamtaja kwa sauti ya msibani tu, kumbe mimi nilikuwa na kiu ya kumsikia akichekesha. Pale kibandani nilicheka na machozi yananitoka. Na ule mwisho wanaousifu ndio ulionichoma, kwa sababu nilipouona nilijisemea moyoni, kumbe anajua. Kumbe mwanangu anajua ninachokitaka, anajua mpaka mahali ninaposimama, akakitengeneza vizuri namna ile ili nchi nzima ikione, na yeye hajaja Krismasi hata moja tangu baba yake afariki.

Na bado naurudia. Shamsa aliniwekea filamu kwenye simu, basi nikitoka shamba nanawa mikono, nakaa kizingitini, natazama kile kipande cha mwisho tu, wanakuja, wanakula, wanalala, halafu nazima naenda kulisha ng'ombe.

Rodgers alinipigia akaniuliza, "Mama, umeionaje?"

Nikasema, "Nzuri, mwanangu."

"Nzuri tu?"

"Nzuri. Hongera." Nikasingizia kwamba simu inaishiwa chaji.

Baada ya hapo Beatha akampigia, akamwambia amemwanika mama ili wachekaji wamcheke, na nyumbani asikanyage mpaka asimame kanisani aombe radhi. Naye Rodgers akaniandikia kwamba amesikia nimeaibika, mwaka huu haji, anasubiri mambo yapoe. Mwezi uliopita nikashikwa na homa, homa ya kweli, nikampigia Beatha, akacheka akasema, "Mama, na wewe umeanza kuigiza?" Nilikata simu nikajifunika.

Dada, nifanyeje? Nimuunge mkono Beatha ili huko kanisani kutulie? Nikimwambia Rodgers kwamba mwisho wa filamu yake umenichoma, naogopa ataona namlaumu na atakaa mbali zaidi, na nikinyamaza naona kabisa kwamba haji. Jogoo nimeshamtenga. Namtaka mwanangu.

Mama Beatha, Gonja

*

JIBU

Mama Beatha, shikamoo. Nimetanguliza shikamoo kwa sababu baada ya hapa nakugombeza.

Kwanza pole, na pole hiyo inatoka moyoni. Kuona kitu unachokitamani kikichezwa na watu wengine, tena na mama mwingine amesimama kwenye mlango wako, si jambo dogo. Ningekuwa mimi ningelia palepale kibandani, na Shamsa angenibeba.

Sasa nisikilize. Mtoto amefanya kazi mwaka mzima, amekupigia kwa woga, amekuuliza umeionaje, wewe unamwambia "nzuri"? Nzuri ni neno la kumwambia mgeni aliyekuletea sabuni. Akakuuliza mara ya pili, ukasingizia chaji! Kijana yule alikuwa anabisha hodi, Mama Beatha, na wewe ulikuwa ndani umenyamaza. Kisha wengine wakamjazia ile nafasi uliyoiacha wazi: Beatha akamwambia umeaibika, mzee wa kanisa akaandika kwamba amekufuru, na yeye akaamini, kwa sababu mwenye jambo hakusema kitu.

Simtetei. Rodgers naye ana lake. Anayeweza kukumbuka dirisha la jiko la mama yake liko upande gani, anaikumbuka na njia ya kwenda kwenye jiko hilo. Ukimpata kwenye simu mwambie Dada Mwanaasha amesema hivyo.

Unaogopa ukisema ukweli atakaa mbali zaidi. Mbali zaidi wapi? Tayari amekuambia haji. Unalinda nini?

Basi fanya hivi. Mpigie, usimwandikie. Chaji simu kwanza. Anza na yale maombi ya baba yake, mwambie ulivyocheka na ulivyolia, maana hilo hakuna mtazamaji mwingine katika nchi hii anayeweza kumpa, na wala halijui. Halafu, usikate simu, mwambie kuhusu ule mwisho. Useme kama ulivyoniandikia mimi, kwamba uliona anajua. Sauti ikitetemeka iache itetemeke. Usimwombe radhi na usimdai radhi. Mwambie aje. Neno "njoo" nimelitafuta kwenye barua yako, sijaona mahali ulipomwambia. Miaka yote hiyo umepika, umetenga majogoo, umesimama mlangoni. Umewahi kumwambia "njoo"?

Na Beatha, mwite umwambie bila kupandisha sauti kwamba aliyechekwa ni wewe, na kama wewe hukuchukia, hakuna anayeruhusiwa kuchukia kwa niaba yako. Muulize pia kama ameitazama filamu yenyewe mpaka mwisho. Nina wasiwasi na hilo. Mambo ya kanisani mwachie mchungaji, watu wataendelea kusema hivi na vile mpaka itoke filamu nyingine.

Homa nayo usiifanyie mzaha. Nenda hospitali upimwe, na majibu mtumie Beatha, mwalimu wako, ayasome.

La mwisho ni gumu. Inawezekana ukasema yote na asije. Siwezi kukuahidi mtoto wa mwenzangu. Lakini akikosa kuja, akose huku anajua anangojwa na nani, na kwa nini. Pika hata hivyo, na Shamsa aje mle. Simu hiyo piga leo.

*

Baada ya sikukuu Mama Beatha alituandikia tena, naye ametukubalia tuiweke barua yake hapa.

Dada Mwanaasha, nilipiga siku ileile nikiwa nimekaa kwenye gogo la kukatia kuni. Nilipomweleza kuhusu baba yake akacheka, akaniambia alihangaika na yule mwigizaji muda mrefu mpaka akaipata ile sauti. Nilipofika kwenye ule mwisho nikadhani mtandao umekata. Nikaita, "Rodgers?" Akasema, "Nipo, Mama." Kisha akasema, "Nilidhani nikikutengenezea itatosha."

Nikamwambia, "Haitoshi, mwanangu. Njoo."

Hakuja siku ya Krismasi, alikosa nafasi kwenye basi, nikala na Shamsa na Beatha, na Beatha akasema, "Si nilikuambia haji?" Kesho yake mchana Rodgers aliingia amechafuka vumbi, amekonda, ndevu zimeanza mvi kama za babu yake, na mimi nilikuwa sina picha ya mvi hizo kichwani. Beatha hakumpa mkono. Walikaa sebuleni kila mmoja na upande wake mpaka nikachoka, nikamuuliza Beatha mbele ya mdogo wake kama ameitazama filamu, na ikaonekana alitazama vipande tu alivyotumiwa na walimu wenzake. Rodgers akafungua kompyuta yake, tukatazama wote watatu. Tulipofika kwenye turubai la msiba Beatha aliguna, akajifanya anakohoa, halafu akashindwa, akacheka mpaka akamlalia mdogo wake begani. Baadaye akasema bado haipendi, kwamba mama hawezi kudanganya ugonjwa. Rodgers akamjibu hayo ni maoni yake. Wakaendelea kubishana mpaka chakula kikaiva, na mimi nikaacha wabishane, maana nyumba hii haikuwa na sauti mbili za namna ile kwa muda mrefu.

Alikaa siku chache, akanirekebishia mlango wa zizi, akalala mchana kweupe kama mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alikwenda kaburini kwa baba yake, peke yake. Hajaahidi mwaka ujao na sikumbana.

Jana nimemsindikiza kupanda basi la Dar. Tulishikana mikono dirishani mpaka kondakta akagonga bodi. Niliporudi Shamsa akaniuliza kama nimefurahi, nikamwambia ndiyo, nimefurahi, lakini, Dada, hamu naye ilinishika upya hata kabla basi halijafika Kihurio, hapo jirani tu.