Mahindi ya Kutazamwa Barabarani

Jumatatu, 3 Juni 1996
Nimefika ofisini saa mbili. Makoti yako vitini, wenyewe hawapo. Ndiyo desturi ya hapa. Unatundika koti, inajulikana umeripoti, unaenda chai mpaka adhuhuri. Nilipohamishiwa hapa nilicheka. Sasa nikiyaona tu nasikia kinyaa.

Bwana Ashioya, mkubwa wetu, amenituma nikague shamba la mfano karibu na Khayega. Siku ya wakulima ni tarehe 21. Wageni watatoka mkoani.

Jumanne, 4 Juni
Shamba ni la mama Rispa, mjane. Mistari ya kando ya barabara ni ya kijani kibichi, mbolea imemwagwa bila huruma. Bango la ofisi limesimama mbele. Nikaingia ndani. Aibu tupu. Mahindi ni ya manjano, yamedumaa. Chini yake kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, limeanza kutoa maua ya zambarau. Hakuna aliyeling'oa. Nikamuuliza mama kwa nini.

"Madam, si mliweka bango? Nitaguza aje shamba ya serikali?"

Ndivyo alivyoelewa. Tangu bango lisimamishwe hajatia jembe humo. Hata mahindi ya msimu uliopita hakuyaonja. "Watu ya ofisi walikujanga na gari, wanavuna," akasema, bila hasira yoyote. Yeye unga wa obusuma, ugali wake, ananunua sokoni. Shamba lake liko mlangoni.

Chakula cha mchana kimenishinda.

Alhamisi, 6 Juni
Semina mjini, hotelini. Mtaalamu wa Nairobi, suti mpya, amekuja kutubadilisha fikra. Tufumbe macho tuone kusudi la maisha yetu. Tushikane mikono. Tuseme kwa sauti kwamba mkulima ni mfalme. Ashioya alipaza sauti kuliko wote, mafuta ya kuku yanang'aa mdomoni. 

Wakati wa chai nikamweleza Ashioya. Maua ya kayongo yakikauka, mbegu zitamwagika, laini kama vumbi, na zitakaa udongoni miaka mingi. Shamba la mama Rispa litakuwa limekwisha. Gugu ling'olewe sasa. Akakataa. Watu watakanyaga mistari ya mbele, na malundo ya magugu yatawaudhi wageni. Tungoje sherehe ipite. Hema la wageni litaziba upande wa nyuma.

"Na wewe madam, jua serikali inapunguza watu."

Akarudia sambusa yake.

Ijumaa, 7 Juni
Nawachukia wote. Najichukia na mimi. Mshahara huu ndio unaolipa chumba changu cha Shieywe na karo ya ndugu yangu. Sijaamua kitu. Nimetundika koti langu, nikaenda kunywa chai.

Jumapili, 9 Juni
Mahubiri yamenipita. Nilikuwa nawaza jambo moja. Tangu nitoke chuo cha kilimo cha Bukura, kazi yangu imekuwa ikipimwa na mtu aliye ndani ya gari, kioo kimefungwa. Nimekuwa nikilima kwa ajili ya kile kioo. Uchafu. Mama Rispa anakula wapi? Nyuma ya hema. Basi kazi yangu iko huko nyuma. Wakitaka kunifuta, wanifute.

Naogopa sana.

Jumatatu, 10 Juni
Nimeenda moja kwa moja shambani, ofisini sikupita. Nimemwambia mama Rispa tung'oe leo leo, naye amewaita wanawake wenzake wa kanisani. Wote walisimama ukingoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Ikabidi niingie mimi, ning'oe, wanione. Ndipo wakaingia. Gugu lenyewe baya, linakatikia mkononi, mizizi inabaki. Tumelichoma nje ya shamba. Kiuno kinaniuma. Kwa mara ya kwanza hapa Kakamega sijaona kinyaa kutwa nzima.

Jumatano, 12 Juni
Ashioya amekuja. Hakushuka. Aliteremsha kioo, akatazama moshi, akatazama mistari ya mbele iliyokanyagwa kidogo. Akaamuru bango ling'olewe. Wamelipeleka kwa jirani, naye ana shamba la barabarani. Sherehe itakuwa huko. Mbolea imeshamwagwa, mistari ya mbele tu. Hawa watu hawana haya hata ya kujifanya wana haya.

Mimi nimeondolewa nyanjani. Nitakaa stoo, kulinda magunia matupu. Mama Rispa ameniomba msamaha, eti amenichomea kazi. Huo msamaha ndio umenikasirisha kuliko yote.

Jumamosi, 22 Juni
Sherehe ilipita jana. Vipaza sauti vilisikika mpaka mjini.

Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nimeshinda kwa mama Rispa. Upande wa mto tumeuwahi, ni safi. Upande wa juu hatukuwahi, mbegu zilishamwagika. Nimemwambia huko asipande mahindi, apande viazi vitamu, kayongo halivigusi. Amekubali. Ni karibu nusu ya shamba. Sikumficha.

Jioni akaniuliza kama anaweza kuvunja mahindi mawili ya mbele, achome, tule. Nikamwambia ni yake, mama, yalikuwa yake siku zote. Akaitikia. Akaingia kwenye mistari, akashika hindi la kwanza. Kabla ya kulivunja, akageuka, akatazama barabara pande zote mbili.