Nimesikia Mpaka Hapo

Shangazi,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, kisha nikajikuta nasubiri. Kalamu imesimama, masikio yameelekea chumba cha ndani, kana kwamba marahaba yako iko njiani inaburuza kandambili. Haikufika. Basi niendelee, maana nimekuja na habari, nawe hukumpenda mtu mwenye habari akazungukazunguka.

Nyumba ya Kiponda ipo. Paka wako bado analala kwenye ngazi ya tatu na kila mtu bado anamruka. Kanga zako tumezigawa, ila ile ya zambarau nimeificha, na wakiniuliza nasema sijui. Mimi bado nafunga mitandao ya kompyuta. Siku nyingi nashinda Kiwengwa kwenye mahoteli, ambako mgeni hata maji hajanywa anaulizia intaneti. Nikirudi jioni nafungua mlango wako, nakaa kitandani kidogo, ndipo nakwenda kupika.

Unaikumbuka ile alasiri uliyoniuliza, tunachambua mchele, sauti ya mtu inapitaje kwenye kompyuta mpaka ikafika ng'ambo? Nilikwambia inakatwa vipande vidogo vidogo. Kila kipande kinapewa namba yake na jina la kule kinakokwenda, kisha vinaachiwa. Hiki kinapita huku, kile kinapita kule, vya nyuma pengine vinatangulia. Vikifika vinapangwa kwa namba zao, na kilichopotea njiani kinaombwa tena. Uliuacha ungo ukacheka mpaka ukatoa machozi.

"Kumbe ndo kazi yangu hiyo!"

Ukanihadithia tena ofisi ya simu ulikowaunganishia watu laini, ujana wako, nyaya mkononi na hedifoni juu ya ushungi. Laini ya Pemba ikivuma kama upepo kwenye mnazi, mtu akisema neno linafika nusu. Wewe ukiingia katikati. "Nlikuwa nkimuuliza, umesikia mpaka wapi? Akisema nimesikia mpaka harusi, basi namwambia mwenziwe aanzie hapo kwenye harusi." Na ukaniinulia kidole. "Mtu akikujibu ndiyo, ndiyo, jua hajasikia kitu. Anaona haya tu. Mwambie ayarudie maneno."

Kisha ukauliza, sasa hivi huko katikati kakaa nani? Nikakwambia hakuna mtu, ni mashine. Ukatikisa kichwa. "Maskini. Na hakuna anayezisalimia."

Tangu siku ile, nikichomeka waya na vile vitaa vya kijani vikaanza kupepesa, nakuona wewe. Nawaona wanawake wa ushungi wamekaa safu moja chini ya bahari, kutoka hapa mpaka Maskati, samaki wanapita juu ya vichwa vyao, na kila mmoja anamwuliza wa pembeni yake kwa upole, umesikia mpaka wapi? Najua si kweli. Lakini nikiwaona, mikono yangu inatulia.

Sasa habari yenyewe. Ni ya Nassor.

Mwanao huyo, kaka yangu wa kulelewa pamoja, unajua alivyoondoka mara ya mwisho alipotutembelea. Alikutaka muende wote Maskati, ukamwambia wewe na kuta zako mshazoeana. "Basi kaa nazo," akasema, akaufunga mlango mpaka chokaa ikadondoka. Tangu hapo akinipigia mimi kuulizia hali yako, asiombe hata siku moja nikupe simu. Ulikuwa ukikaa pembeni yangu unajifanya unakunja nguo.

Siku ile ya mwisho hospitali ulinishika kidole kimoja tu, hiki cha shahada. "Mwambie mwanangu radhi zangu anazo zote. Anazo tangu siku ile ile aloufunga mlango." Nikasema ndiyo, Shangazi. Ukanikazia macho, na homa yote ile. Ikabidi niyarudie, neno kwa neno, ndipo ukakiachia kidole. "Na yeye vile vile," ukasema. "Asisome. Asikie. Na asikujibu ndiyo."

Ulizikwa kabla ya alasiri. Nassor hakuiwahi ndege, na baada ya hapo hakupokea tena simu. Nilimwandikia kuwa nina amana yake, zile tiki mbili zikawa buluu, kimya. Niliwaza nijirekodi nimtumie. Lakini rekodi haiwezi kumwuliza mtu amesikia mpaka wapi. Nikawa nalala na maneno yako kifuani kama mtu aliyebeba uji moto kwenye bakuli lililojaa, anaogopa hata kupiga chafya. Nilimkasirikia sana, Shangazi. Kisha mkewe Salma akanambia kwa siri: "Anaogopa, wifi. Anadhani umebeba laana."

Ilipokaribia hitima yako ya arubaini, Salma akaleta ujumbe. Nassor atasikiliza kisomo kwa kompyuta, lakini kisomewe chumbani mwako, si ukumbini. Na hatosema neno.

Chumbani mwako! Wewe unakijua. Mawe na chokaa, ukuta mnene kuliko urefu wa mkono wangu. Intaneti ya ukumbini inafia mlangoni. Nilihangaika na vidude vyangu vyote vya kazini, vile vinavyowafurahisha wageni Kiwengwa, ukuta ukavicheka. Nikakaa kitandani kwako nikaangalia juu, nikakiona kitundu.

Kile kitundu cha waya wa simu yako ya zamani, juu ukutani. Kila wapaka rangi walipokuja ulikuwa ukisimama na mkongojo wako. "Hicho msinizibie." Simu imekufa miaka na miaka, sisi tukikucheka kuwa Bi Zuwena analinda tundu la sisimizi. Waya wa zamani ulikuwemo bado ndani. Nikaufunga waya wangu mpya kwenye ncha yake, nikenda upande wa pili, nikavuta polepole na bismillahi. Wa zamani ukatoka na vumbi la chokaa na gamba la mjusi, nyuma yake wangu ukafuata, laini, bila kukwama. Nilipoona ncha yake imetokeza nililia pale pale, nimekaa juu ya ngazi ya fundi.

Wakasoma baada ya alasiri, chumba kimejaa udi na watu. Kompyuta niliiweka juu ya mto wako. Upande wa Maskati kioo kilikuwa cheusi, na ile alama ya kipaza sauti ilikuwa imefungwa. Sikujua hata kama yupo. Dua ikaisha, watu wakatoka kula, nikafunga mlango nikapiga magoti mbele ya mto.

"Kaka Nassor," nikasema, "Mama kaniachia maneno yako. Kasema: mwambie mwanangu..."

Umeme ukakatika.

Hapo hapo, Shangazi. Feni ikapungua mwendo, kule ukumbini mtandao ukazima, jina lake likatoweka kwenye kioo. Kama alikuwa akiogopa laana, basi nimemwachia mlangoni mwake. Nikauangalia ule waya unaoingia ukutani nikawaona wale wanawake wa ushungi wametulia, kila mmoja ameshika hedifoni, wanasubiri. Sijui tulisubiri muda gani. Kule uani sufuria zilikuwa zinagongana na mtu anaita chumvi.

Umeme ukarudi. Vitaa vikaanza kupepesa. Jina lake likarejea, na ile alama ya kipaza sauti ikafunguka. Nikasikia mtu mzima anavuta pumzi.

"Rukia," akasema. "Nimesikia mpaka 'mwambie mwanangu'."

Hakuna aliyemwuliza. Ulimfundisha wewe, kabla hajajua kusoma, na yeye hakusahau.

Nikaanzia hapo. "Radhi zangu anazo zote. Anazo tangu siku ile ile aloufunga mlango." Nilijua nini nasubiri, na niliogopa atasema ndiyo.

Hakusema. Aliyarudia. Alikwama kwenye "radhi", akalia, nikamwacha, akaanza tena, akayarudia yote mpaka "mlango".

Kwa hiyo nimekuja kukurejeshea jibu. Yamefika, Shangazi. Hakuna lililopotea njiani. Nassor anakuja mfungo mosi, Ramadhani ikishapita, anataka kulala chumbani mwako, na kitundu naahidi hakizibwi maadamu mimi ni hai.

Laini zote ziko kimya sasa. Vua hedifoni, ufunge ushungi wako vizuri, upumzike.

Mwanao,
Rukia