Kosa la Ubaoni

Shoga, acha unachofanya, nimeumbuka.

Lile darasa langu la wanaorudia hesabu hapa chuoni, wote wameandika kwenye mtihani kwamba 1/2 + 1/3 = 2/5. Wote! Nikanusa wizi. Watu hawakosei kwa pamoja kama kwaya. Nikaenda mbio kushtaki kwa mkuu wa idara.

Kurudi, nikambana yule mama wa dawati la mbele: "Mmenakili kwa nani?"

"Kwako, mwalimu."

Kwako! Bila hata kupepesa jicho.

Kumbe ni ile mbinu mpya ya kufundishia, ya mtafiti mmoja anayeijaribu hapa chuoni kwetu: andika kosa ubaoni, wanafunzi walitafute wenyewe. Nililiandika, kipindi kikaisha, nikajiondokea bila kulisahihisha. Wao wakalikariri.

Na mkuu wa idara anasubiri jina la mwizi.